Kiti cha Shangazi

Nikutegee kitendawili, nawe usiwe na haraka ya kujibu. Nina chumba changu: nimeingia nikiwa kwetu, nikatoka nikajikuta ugenini, na miguu yangu haikupiga hata hatua moja. Chumba gani hicho? Fikiri. Hakina kitanda wala meko, mlango wake hufungwa kwa kubamizwa, na mtu mrefu akiingia hukunja shingo. Bado? Basi nipe mji. Haya, nimeupokea, nimekaa, nimeshiba. Chumba chenyewe ni kabini ya gari, na leo nakwambia habari za kabini ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona, na za kiti kilichokataa kupatikana.

Kabini hiyo ilikuwa ya pikapu moja kuukuu ambayo mtaa mzima uliiita Shangazi. Haamki asubuhi bila kubembelezwa, na akishaamka kila nyumba inajua kwamba ameamka. Alitoka kiwandani kabla dereva wake hajaanza shule. Tanki lake la mafuta halikuwa chini ya bodi kama la magari ya siku hizi. Lilisimama ndani ya kabini, nyuma ya mgongo wa kiti, kama mgeni wa tatu asiyeshuka. Mbele ya kiti kulikuwa na usukani mpana kama sinia. Kati ya tanki na usukani, hapo ndipo mtu alipotakiwa kuishi.

Dereva mwenyewe walimwita Polepole. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mwembamba, na kazi yake ilikuwa kuhamisha watu: vitanda, makabati, masufuria, na yale magodoro ambayo mwenye nyumba huyafunika shuka kwanza ndipo yatolewe nje. Hakuwahi kuvunja hata kikombe. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ikikaa kibarazani, naye walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna mtu aliyepita pale na pindo lililofumuka akaachwa aende nalo. Angemsimamisha, amtie sindano tatu nne akiwa amesimama vilevile, kisha amruhusu. Walikuwa na watoto watatu. Wawili walishaoa na kuolewa mbali. Aliyebaki karibu ni binti yao wa mwisho, muuzaji kwenye duka la dawa, aliyependa wazazi wake na kuwachoka kwa kipimo kilekile.

*

Asubuhi ya ukaguzi wa magari Polepole alikuwa wa nne kwenye foleni. Mkaguzi alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama peke yake. Alikanyaga breki, akawasha taa, akapiga honi, akaandika. Alilala chini akachungulia, akatoka akitikisa kichwa kwa mshangao, maana chini Shangazi alikuwa mkavu kama sahani iliyofutwa, hata tone la oili hakuna. Kisha akafungua mlango wa abiria akakaa, na papo hapo akasimama. Springi ilikuwa imemsalimia.

Akaingiza mkono kwenye mpasuko wa kiti. Akatoa kipande cha kitambaa cha bluu. Akatoa cha maua. Akatoa mkono mzima wa shati la mtoto. Kila sponji ilipokuwa ikifa, kwa miaka mingi, Mama Pindo alikuwa akijaza mabaki ya kitambaa kutoka chini ya cherehani yake.

"Mzee, hiki ni kiti au sanduku la nguo?"

Foleni ikacheka. Dereva mmoja wa nyuma akamwambia mkaguzi aendelee kuvuta, huenda na mwenye shati yumo. Polepole alicheka nao kidogo, kwa adabu, akaokota vile vipande kimoja kimoja, akavikunja, akavitia mfukoni.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alimvuta mzee pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba injini ile ingefaa ionyeshwe kwa wanafunzi. Lakini kila anayekaa mbele lazima awe na kiti kizima kilichofungwa kwa bolti, na mkanda wake. Akampa karatasi ya muda ya kuendeshea gari, ya siku kumi na nne. Zikiisha bila kiti, atalifuta gari kwenye daftari.

"Na gari la umri huu likishafutwa, mzee wangu, halirudi barabarani. Hakuna fomu ya kulirudisha. Nimeitafuta."

*

Nyumbani, Mama Pindo alikuwa akitia kola. Mumewe alimweleza yote bila kuongeza wala kupunguza, akamrudishia vile vipande. Mama Pindo akavitandaza juu ya meza ya cherehani, akavitambua vyote. Ule mkono wa shati ulikuwa wa sare ya binti yao, darasa la tatu. Alifikiri kidogo, kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kwa hiyo sasa wanataka abiria wako akae vizuri," alisema. "Na mimi je? Siku uliyonitoa kwetu uliniweka nyuma na magunia, nimekumbatia cherehani, na kiti cha mbele kitupu. Ulikuwa unamwekea nani?"

Swali hilo lilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Hakuliuliza kwa hasira. Aliliuliza kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kama mtu anavyobonyeza kovu kuona kama bado linauma. Njia nzima siku ile watu walimwona bibi harusi juu ya bodi ya Shangazi, vumbi mpaka kwenye kope, na dereva wake mbele peke yake kama amebeba viazi. Walimcheka. Wapo waliomcheka mwaka mzima. Wiki iliyofuata aliitwa akae mbele, akakaa, na tangu hapo hajawahi kupanda nyuma tena. Lakini ile siku yenyewe haikupata maelezo. Kila alipouliza, Polepole alikumbuka tairi linalotaka upepo.

Siku hiyo alikumbuka kwamba anahitaji kupima kabini. Mteja alikuwa amefika, Mama Pindo amempa mumewe mgongo, na futi yake ya utepe ilikuwa inaning'inia kwenye msumari kama siku zote. Polepole akaitwaa. Akapima kutoka mlango hadi mlango, mara mbili, kwa uangalifu wa mtu ambaye hajawahi kuvunja kikombe. Mia moja na thelathini. Akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akairudisha futi msumarini.

*

Nje kidogo ya mji kulikuwa na yadi ya magari yaliyokufa, na mwenye yadi aliitwa Mrithi, maana gari lolote likikata roho, mirathi yake huishia kwake. Ukiingia pale unaona milango imepangwa kama vitabu, taa zimerundikwa kama mayai, na viti vingi hata unajiuliza watu wote hao wamekwenda wapi. Mrithi hakuzunguka na wateja. Alikaa kwenye kiti chake kirefu chini ya kipande cha bati, mteja akikaa pembeni yake, na hapo ndipo biashara zote zilipofanyika. Kando ya bati palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KIKITOKA HAKIRUDI.

Polepole alikaa naye asubuhi nzima, bega kwa bega. Waliulizana habari za wagonjwa, za mvua, za bei ya matairi. Mwishowe akachagua viti viwili vya kijivu vilivyotoka kwenye gari dogo, safi, havijamwagikiwa hata chai. Mrithi akavipima mbele yake kwa futi ya chuma: kila kimoja sentimita sitini na nne. Jumla mia moja ishirini na nane. Polepole akatazama kiganja chake.

"Vinaingia, na pumzi kidogo inabaki," alisema.

Hakuwa na fedha taslimu, na Mrithi hakuzitaka. Alitaka injini sita zihamishwe kutoka karakana moja ya mbali, moja kila siku, zisigongwe. Wakakubaliana hivyo. Kwa hiyo siku sita kati ya zile kumi na nne zikaishia njiani, Shangazi akipanda milima na injini mgongoni, na Polepole juu ya kiti chake cha vitambaa akihesabu siku zilizobaki badala ya kilomita.

Siku ya nane viti vikafika nyumbani. Fundi wa kuchomelea wa mtaani, ambaye jina lake la kazi ni Cheche, alikuja na sanduku lake la spana. Binti alikuwa amepewa ruhusa ya nusu siku, akasimama kibarazani na chupa ya maji. Majirani wakatokeza, kila mmoja akijifanya ana jambo lingine la kufanya karibu na gari.

Cheche alifungua kiti cha zamani kwa taabu, bolti zikilia, kikatoka kizima na vitambaa vyake kama kuku aliyepasuliwa tumbo. Alipofagia sakafu ya upande wa abiria, akagonga na nyundo, akainama.

"Mzee, hapa palikuwa na tundu la kupitisha mbuzi. Nani aliziba?"

"Zamani," alisema Polepole, akaomba spana namba kumi na saba, ingawa hakuna aliyeihitaji.

Kiti cha kwanza kikakaa. Cha pili kikaingia nusu, kikakwama. Wakakitoa, wakakigeuza, wakakisukuma kwa magoti. Mlango wa abiria ukagoma kufunga. Ulibaki wazi kwa upana wa vidole viwili, na vidole viwili hivyo vilikuwa sawa na kilomita mia. Cheche akatoa futi yake ya chuma akapima kabini. Mia moja ishirini na tano. Akapima tena. Alisema viti havichongwi kama mbao. Akikata chuma cha ndani cha kiti, mkaguzi ataona kabla hajafika.

"Baba, ulipima na nini?" binti aliuliza.

Polepole akaelekeza kidevu chake kwenye msumari.

Cherehani ilinyamaza. Mama Pindo aliondoa mguu kwenye kanyagio, akaitwaa ile futi, akashuka nayo barazani akiwa ameishika kwa mikono miwili. Aliinyoosha mbele yao. Mwanzo wake ulikuwa mweusi, umejikunja, na namba ya kwanza iliyosomeka ilikuwa tano.

"Hii inaanzia tano," alisema. "Siku uchungu wa huyu uliponishika," na hapo akamtazama binti, "niliacha pasi ya makaa juu yake. Zikaungua sentimita tano. Mimi nikipima, nakata tano kichwani. Mkono umeshazoea."

Miaka thelathini na miwili. Ajabu niliyoishangaa mimi ni hii: alivisha mtaa mzima, harusi na misiba, sare za shule na majoho, kwa kipimo chenye kichwa kilichoungua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubanwa kwapani.

Polepole alikaa juu ya tairi. Alisema jambo ambalo asingelisema siku nyingine.

"Miaka yote hiyo, tunalala kitanda kimoja, na hukuniambia."

"Hukuwahi kupima kitu," alijibu mkewe. "Na wewe je? Mimi nimeuliza miaka arobaini na mmoja, nimeambiwa?"

Majirani wakakumbuka ghafla kazi zao. Polepole alitazama mikono yake, pale kwenye kiganja ambapo siku ya kwanza aliandika mia moja na thelathini.

*

Siku ya tisa binti alikuja na maneno aliyoyapanga njiani. Alisema Mrithi amemtumia salamu: yuko tayari kumchukua Shangazi mzima, aliye hai, kwa bei nzuri kuliko ya chuma chakavu. Wapo watu wenye hoteli wanaopenda kuweka magari kama hayo kwenye bustani, maua yakapandwa kwenye bodi. Alisema baba amechoka. Alisema wazazi wa wenzake wanapumzika.

Polepole hakubisha. Aliuliza tu ni maua gani. Binti akasema hajui. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa gharama ya jeneza, na binti akatamani asingesema.

Mama Pindo alikuwa amesikiliza yote. Alifunika cherehani, akachukua futi yake, chaki, na lile gazeti la kukatia vielelezo, akaenda kwenye gari. Aliomba kreti ya soda. Akaiweka ndani ya kabini iliyokuwa tupu, akapanda, akakaa juu yake upande wa abiria. Hapo, miguuni pake, aliona lile bamba lililoziba tundu. Alilitazama kwa muda. Lilikuwa la mviringo, na katikati yake palikuwa na alama ya kishikio kilichovunjika. Alilipapasa kwa kidole gumba, kingo zote.

"Mzee, njoo ukae," aliita. "Wewe ulipima chumba. Nguo hupimwa kwa anayeivaa."

Alimpima mumewe kama mteja. Bega kwa bega akiwa ameshika usukani. Nyonga. Kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi klachi. Alimwambia avute pumzi, aitoe, ageuke kutazama nyuma kama anarudi kinyumenyume. Alipima umbali wa tanki na mgongo wake, maana hapo palihitaji kiti chembamba kama ubao. Kisha akajipima mwenyewe, binti akishika ncha ya futi, akikata tano kila mara bila mtu kumsikia. Cheche, aliyekuwa akipita tu, aliweka sanduku lake chini akasimama kutazama. Baadaye aliwaambia watu kwamba amechomelea magari miaka ishirini, na hajawahi kuona gari likishikwa hivyo, kama mwili wa mtu.

Siku mbili alishona. Alifumua magunia ya unga, akakata mgongo na kikalio, akashona kona kwa uzi wa mara mbili. Na alipotaka kitu cha kujazia, aliingiza mkono ndani ya kile kiti cha zamani akatoa vitambaa vyake vyote, vya bluu, vya maua, vya shule, vya vilio na vya vicheko, akavishindilia humo mpaka gunia likasimama wima. Kilikuwa kiti kamili, cha watu wawili, cha nguo tupu. Wakakiingiza kwenye kabini. Hakikugusa tanki. Hakikugusa usukani. Binti alipobamiza mlango wa abiria, ukafunga kwa mlio mmoja mfupi.

Hata Polepole, aliyezoea kumwona mkewe akitoa gauni kwenye mabaki, alivua kofia.

"Hiki ni mfano tu," Mama Pindo alisema. "Sasa tukamtafute mwenzake wa chuma."

*

Siku ya kumi na mbili binti aliomba ruhusa nyingine dukani, ya tatu mwezi huo, akajitwika kile kiti cha gunia kichwani. Alikuwa mwanamke anayejali sana jinsi watu wanavyomwona, na njia nzima waliona. Mmoja alimuuliza kama amehama na hajapata gari. Mwingine alimwomba amshushie, akae. Binti alitazama mbele tu, mkono mmoja ukishika gunia mahali ambapo mkono wa sare yake ya darasa la tatu ulikuwa umejificha ndani.

Mrithi alipowaona alicheka mpaka akakohoa. Lakini aliacha kucheka Mama Pindo alipoanza kazi. Alipita gari hadi gari, binti akiweka gunia kando ya kiti, mama akitupia jicho na kusema hapana. Kirefu. Kinene. Kina mabega mapana. Hiki kitamla mzee magoti. Safu ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Jua likawa kali. Polepole alifuata nyuma na yale macho ya mtu anayesubiri daktari atoke chumbani. Saa saba walikuwa wamemaliza yadi nzima, na Mama Pindo alikuwa anachechemea.

"Kaa, mama," Mrithi alisema, sasa kwa heshima kabisa, akasogea kumpisha pale chini ya bati. "Umenizungushia yadi yangu mpaka mimi mwenyewe nimeijua."

Mama Pindo akakaa. Akapewa maji, hakuyanywa. Alikuwa ametulia sana, kikombe mkononi, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea pembeni ya paja lake, ukashuka kwenye ukingo wa kiti, ukapanda mgongoni, ukapapasa unene wake.

"Mrithi, simama," alisema.

"Nimekosa nini?"

"Simama kwanza."

Alisimama. Binti akaweka kile kiti cha gunia juu ya kile kiti kirefu, na vikalingana kama viganja viwili. Hakuna kilichozidi kushoto, hakuna kilichozidi kulia. Kilikuwa kiti cha safu ya mwisho kabisa ya gari kubwa la familia, kile cha nyuma ambacho hutengenezwa kwa ajili ya watoto, chenye mgongo mfupi, chembamba, cha chini, ambacho mtu mzima akikalishwa hununa. Polepole akapiga magoti, akachungulia chini yake. Mikanda miwili ilikuwa humo, imeviringishwa, haijaguswa, ina vumbi la miaka tisa.

Nakuuliza wewe sasa: wangapi walikaa pale wakitafuta viti? Polepole mwenyewe alikaa asubuhi nzima juu ya alichokuwa anakitafuta, akiulizia habari za mvua.

Mrithi alishika kichwa. Kisha akakumbuka kwamba ni mfanyabiashara, akasema kile si cha kuuzwa, ni cha ofisi, mgongo wake umekizoea, na vile viti vya kijivu havirudi, kibao si kile pale.

"Sikurudishii bidhaa," Mama Pindo alimwambia taratibu. "Nakuletea viti viwili vya kukalishia wageni, safi, havijamwagikiwa chai. Mtu kama wewe kukaa kiti cha mtoto, mimi naona haya kwa niaba yako."

Mrithi alimtazama Polepole kama kumuuliza anaishije na mtu huyu. Kisha akaenda mwenyewe kutafuta spana.

*

Siku ya kumi na tatu Cheche alikifunga: bolti nane, mpya, akikaza kila moja mpaka akainuka kwa vidole vya miguu. Siku ya kumi na nne Shangazi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na Mama Pindo alikuwa amekaa mbele, amejifunga mkanda juu ya gauni alilojishonea.

Mkaguzi alianza kwa kutikisa kiti, kwa nguvu, mara tatu. Akavuta mikanda kwa ghafla, ikashika. Akamwomba mama ashuke kidogo, akaingia mwenyewe, akabamiza mlango, akakaa. Alikaa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alitazama tanki nyuma yake, akatazama usukani, akapitisha kiganja katikati ya kiti na mlango, ambapo palikuwa na nafasi ya karatasi tu.

"Kimetengenezwa wapi hiki?" aliuliza.

Polepole akamwonyesha mkewe. Mkaguzi akashuka, akamtazama yule mama mfupi mwenye pini kifuani na kipande cha uzi kwenye mkono wa gauni. Akaufungua mlango, akaushikilia wazi mpaka mama alipopanda na kuketi, akaufunga mwenyewe taratibu kama mlango wa chumba alimolala mtoto. Ndipo akagonga mhuri.

Waliondoka polepole, maana ndiyo desturi. Walipita sokoni, wakapita duka la dawa, ambapo binti alitoka hadi mlangoni na miwani yake ya kazi, akawapungia bila kujali nani anamwona. Baada ya daraja, mahali ambapo barabara inanyooka, Mama Pindo alikanyagakanyaga sakafu kwa kisigino. Ililia kama pipa.

"Nimekiona kifuniko cha pipa langu la maji," alisema. "Kile kilichopotea wiki ile ya kwanza. Niligombana na jirani kwa ajili yake, tukanuniana hadi mvua za mwaka uliofuata."

Polepole hakukumbuka tairi. Aliwasha taa ya pembeni, akalitoa gari barabarani, akazima injini. Shangazi alinguruma kidogo, akanyamaza. Mzee aliweka mikono yake miwili juu ya usukani, akaitazama.

"Sikuwa namwekea mtu," alisema. "Hapo ulipoweka miguu hapakuwa na sakafu. Kutu ilikuwa imekula yote. Na mimi nilikuwa nimemwambia baba yako kwamba nina gari zima. Ungekaa hapa, ungeiona barabara inapita chini ya viatu vyako vipya, njia nzima, mpaka nyumbani."

Akamgeukia mkewe.

"Niliogopa ungeshuka."